Kwa nini kaimati huharibika jikoni

KAIMATI ni vidonge vya mviringo vya unga wa ngano uliochachushwa kwa hamira, vikakaangwa katika mafuta mengi, kisha vikapakwa shira ya sukari. Jina lenyewe limetoka Uarabuni, ambako ‘luqaimat’ maana yake ni vitonge vidogo. Jamaa zake wanapatikana Uturuki na Ugiriki, na huko Baghdad kitamu cha aina hii kilikuwa kikijulikana tangu karne ya 13. Katika pwani ya Kenya, futari ya mwezi wa Ramadhani hukosa utamu bila sahani ya kaimati mezani.

Ingawa viambato vyake ni vichache, hiki ni miongoni mwa vitamu vinavyowaaibisha wapishi wengi. Wengine hutoa vidonge vigumu kama kokoto, wengine vilivyolowa mafuta, na wengine vilivyoiva nje huku ndani mkiwa na unga mbichi. Kwa kawaida lawama huangukia unga au hamira ya dukani. Mara nyingi, hata hivyo, kosa huwa ni la moto na la muda.

Hamira ni kiumbe hai. Hupenda maji ya uvuguvugu, yapata nyuzijoto 37 za Selsiasi, yaani maji ambayo mkono hauyahisi kuwa ya moto wala baridi. Yakipita nyuzijoto 55 hivi, hamira huanza kufa, na hapo unga hautaumuka hata ukisubiriwa hadi alfajiri. Njia ya kujihakikishia ni kuikoroga hamira katika maji hayo pamoja na kijiko cha sukari na kuiacha kwa dakika 10. Isipotoa povu, itupwe kabla ya kuharibu unga, iliki na tui la nazi.

Kinyunya cha kaimati hakifanani na cha maandazi. Huwa kizito kuliko uji lakini chepesi kiasi cha kutosukumika, nacho hupigwa kwa mkono hadi kiwe laini na chenye kuvutika. Kikiwa chepesi mno, vidonge hutawanyika ndani ya karai na kuota mikia. Dawa yake ni kuongeza unga, kijiko kimoja kimoja. Katika joto la Mombasa, saa moja huweza kutosha kukiumua. Kwenye baridi ya Limuru huenda kikahitaji maradufu ya muda huo. Kikiachwa kupita kiasi, hewa hutoka, kinyunya hunywea na kuwa kichachu, na kikitiwa karaini hunyonya mafuta kama sifongo.

Mafuta ndiyo huangamiza kaimati nyingi zaidi. Joto linalofaa ni kati ya nyuzijoto 170 na 180. Asiye na kipimajoto hudondosha tone la kinyunya: likizama na kukaa chini, mafuta bado ni baridi, likiibuka mara moja likitoa mapovu bila kubadilika rangi papo hapo, kazi ianze. Kujaza karai pomoni ili kumaliza haraka ni kujidanganya, kwa kuwa kila donge huyapunguzia mafuta joto.

Hapa pana jambo ambalo mapishi yanayotoka pwani hayalitaji. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100 Mombasa, lakini jijini Nairobi, ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa takriban 94. Unyevu ulio ndani ya donge hugeuka mvuke mapema, nacho kiini hupata joto pungufu huku ngozi ikiendelea kubadilika rangi. Ndiyo sababu mpishi wa bara hushauriwa kupunguza joto la mafuta kwa nyuzijoto 10 hivi na kukaanga kwa muda mrefu kidogo.

Mafuta yakianza kutoa moshi, jiko lizimwe. Yakishika moto, karai lifunikwe kwa kifuniko cha chuma, wala lisibebwe kupelekwa nje. Maji yasimwagwe kabisa, kwani huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke unaotanuka zaidi ya mara 1,000, na kurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Aliyeungua apoze kidonda kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, siagi na mayai si tiba ya jeraha la moto.

Baada ya hapo huja shira, vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji. Sukari ikishayeyuka, mwiko uondolewe, maana kuendelea kukoroga huifanya irudi kuwa chembechembe. Matone machache ya ndimu huzuia hali hiyo, kwa sababu asidi yake huivunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, ambazo haziungani upesi. Lakini kuna kaimati za aina mbili, na mpishi sharti aamue mapema. Anayetaka zinazong’aa na kunata atie ndimu. Anayetaka zile zenye ganda jeupe la sukari kavu, kama zinavyopendwa na wengi pwani, aiache ndimu kabisa, apike shira hadi ifanye uzi, kisha azigeuzegeuze kaimati humo mpaka sukari iwagande. Akitia ndimu, atazigeuza hadi achoke.

Uzi hupimwa kwa kudondosha shira kwenye sahani, kuiacha ipoe, na kuivuta kati ya vidole viwili. Kipimo hiki ni cha kuaminika kuliko nambari za kipimajoto, ambazo nazo hushuka kadiri mtu anavyopanda milimani.

Kaimati mbichi ndani zaweza kurudishwa katika mafuta ya moto mdogo, mradi hazijatiwa shira. Shira iliyoganda sufuriani huongezwa robo kikombe cha maji na kuchemshwa upya. Zilizolowa mafuta hazina tiba.