Hatari na Hatarishi

Jirani yangu aliniletea karatasi ya majibu ya kliniki, ameikunja na kuikunja hadi imekuwa ndogo kama hirizi. Mstari mmoja ulimnyima usingizi: maambukizi ya virusi hatari vya papiloma.

"Mwanangu, si ndiyo kansa yenyewe hii?"

Siyo, mama. Macho yake hayakukosea. Neno ndilo lililomponza. Hatari kwetu hubeba mizigo miwili: mamba wa mtoni ni hatari, na uwezekano tu wa kuumizwa naye ni hatari. Wataalamu walioviweka virusi hivi kwenye makundi walikusudia maana ya pili. Aina zake zimepita 200. Namba 6 na 11 huleta chunjua za sehemu za siri, wengine huziita masundosundo. Zinakera na kuaibisha, ila ni nadra kuzaa saratani. Namba 16 na 18 hukaa kimya, haziumi wala haziwashi, nazo ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walizibaini mwaka 1983 na 1984, wakati wengi walikuwa wakishuku virusi vya malengelenge. Tuzo ya Nobel ilimfikia 2008.

Kwa hiyo mimi nasema hatarishi, na nalifunga kwenye aina, si kwenye maambukizi: maambukizi ya aina hatarishi ya virusi vya papiloma. Refu, nakubali. Lakini miili ya wengi huvifukuza virusi hivyo ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vinavyogoma kutoka ndivyo huzima protini zinazoizuia seli kugawanyika ovyo, na hata hapo saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kufika, japo kwa mwenye VVU asiyetumia dawa huwahi zaidi. Hao wagomaji wana neno lao tayari, sugu, lile lile la ngozi iliyokomaa kiganjani kwa mpini wa jembe.

Mama alirudi kliniki. Muuguzi alipaka siki kwa pamba kwenye mlango wa kizazi, akasubiri dakika moja, akatazama kama patatokea doa jeupe. Halikutokea. Akapangiwa tarehe nyingine ya kupimwa.

Karatasi ya pili alinionyesha haijakunjwa.