Kipima hewa na mafuta garini: namna ya kukiunga, na kwa nini Ihanda si Dar es Salaam

GARI lenye kabureta lililorekebishwa vyema jijini Dar es Salaam halibaki vilevile likifika Ihanda, wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Likielekea Tunduma, moshi wake huweza kuwa mweusi, plagi zikashika masizi na petroli ikaisha mapema.

Sababu ni mwinuko. Uwanda wa Mbozi uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko pwani. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue kikamilifu. Kabureta isiyo na kifaa cha kufidia mwinuko huiacha injini na karibu kilo 13.6 tu.

Hatari kubwa huja wakati wa kurudi. Fundi akipunguza mafuta ili injini itulie Ihanda, gari hilohilo likifika pwani litavuta karibu kilo 15.8 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Likibeba mzigo kwa mwendo mkali katika hali hiyo, joto huzidi, na vali au pistoni huweza kuungua.

Kipima uwiano wa hewa na mafuta huonyesha mabadiliko hayo kwa tarakimu kwenye dashibodi. Hupata taarifa kutoka kwa sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi. Sensa ya aina hiyo, iliyotengenezwa na Bosch, ilianza kutumika katika magari ya Volvo mwaka 1976. Petroli yenye risasi, ambayo nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwaka 2006, huiharibu.

Mahali pa sensa

Sensa hufungwa kabla ya kichujio cha moshi, na kwa gari lenye tabo, baada ya tabo. Tundu hutobolewa upande wa juu wa bomba na sensa huinamishwa walau digrii 10 kutoka usawa wa mlalo, ili maji yanayojikusanya bombani yasiingie ndani yake. Sensa ya kiwandani, kama ipo, haiondolewi.

Kuunga nyaya

Kwanza waya wa hasi wa betri hufunguliwa. Waya wa umeme wa kipima huungwa kwenye chanzo cha volti 12 kinachopata umeme pale tu swichi ya gari inapowashwa, kupitia fyuzi ya kiwango kilichoandikwa katika kijitabu cha kifaa. Rangi za nyaya hutofautiana, hivyo kijitabu ndicho cha kufuatwa.

Waya wa hasi hufungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu, au moja kwa moja kwenye injini. Hasi iliyolegea huweza kuyumbisha tarakimu, na fundi akarekebisha kabureta kwa kufuata uongo.

Waya wa sensa hupitishwa mbali na bomba la moto, na unapopenya ukuta wa injini huvishwa mpira. Haukatwi wala kufupishwa, kwa kuwa plagi ya sensa nyingi za kisasa hubeba kirekebishi cha vipimo vyake.

Sensa ina kipashio chake cha joto. Isiachwe ndani ya bomba bila umeme injini ikiunguruma, kwa sababu masizi huiharibu.

Kusoma kipimo

Injini ya petroli ikiwa imepata moto na ikienda mwendo wa kawaida, tarakimu kati ya 14 na 15 zinaridhisha. Ikikanyagwa hadi mwisho, 12.5 hadi 13 ndizo salama. Bomba linalovuja kabla ya sensa huingiza hewa ya nje, na kipimo huonyesha mafuta machache kuliko yaliyopo.

Injini za dizeli, kama za malori yanayopita Ihanda kwenda Zambia, hazifuati viwango hivi, kwani hufanya kazi kwa hewa ya ziada. Magari ya petroli yenye kompyuta na sensa nzima hujirekebisha yenyewe.

Mwenye kabureta ndiye wa kuwa macho: mafuta yaliyopunguzwa Ihanda huongezwa tena kabla ya safari ya kushuka, na tarakimu hukaguliwa upya pwani.