Nani Abebe Ushahidi? Rehani na Ukombozi katika Nchi ya Handeni na Korogwe

Waswahili wana methali mbili juu ya deni. Ya kwanza yasema, "Dawa ya deni ni kulipa", ya pili, "Mali bila daftari huisha bila habari." Ya kwanza yamwonya mdaiwa, na ya pili yamwonya mwenye mali. Lakini yupo mtu wa tatu ambaye methali hizi hazikumtaja: ni yule aliyeuziwa kinga isiyokuwapo. Huyu alikuwa katika shida, akaambiwa kwamba akitoa kitu fulani atalindwa. Akakitoa, kisha akaona kuwa kinga ile ilikuwa maneno matupu. Atadaije haki yake? Na ushahidi abebe nani, yeye aliyedanganywa au yule aliyemwuzia? Swali hili si geni katika nchi ya Handeni na Korogwe. Kwa hakika, limekaa huko karibu miaka mia mbili.

Nchi yenyewe yafaa ielezwe kwanza, kwa sababu mikataba ya watu hutokana na ardhi yao. Korogwe ipo kando ya mto Pangani, ambao kwa jina jingine huitwa Ruvu, mahali ambapo Wazigua, Wabondei na Wasambaa hukutana. Kusini yake ni Handeni, kiini cha Uzigua, nchi ya vilima vifupi na vichaka ambamo mvua haina ahadi. Mwaka mmoja mahindi na mtama hujaa ghalani; mwaka wa pili hupatikana kidogo; wa tatu watu hula mizizi ya porini. Mbung'o nao waliwazuia watu wa sehemu nyingi wasifuge ng'ombe wengi wa kuuza wakati wa dhiki. Basi katika nchi kama hiyo akiba ya kweli haikuwa ghala, bali watu: ndugu, wachale, na wakubwa wenye chakula ambao mtu aliweza kuwaendea na kusema, "Tushike mkono."

Hapo ndipo rehani ya watu ilipopata mahali pake. Familia iliyoishiwa ilimpeleka mtoto au kijana kwa mwenye nafaka, ikapewa chakula cha kuvukia njaa. Kijana yule alikaa kwa bwana wake akilima na kuchota maji, na kazi yake haikupunguza deni, bali ilikuwa kama faida juu ya deni. Kati ya Wazigua, ambao mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, mjomba ndiye aliyeweza kumtoa mtoto rehani, na ndiye aliyetazamiwa kumkomboa mvua iliporudi. Neno "kukomboa" ndilo roho ya mapatano hayo. Aliyewekwa rehani hakuacha kuwa mtu wa ukoo wake. Jina lake lilijulikana, na kwao kulijulikana. Na wazee waliokuwapo siku alipotolewa walikuwa ndio hati ya mkataba. Wazee hao wakifa, au ukoo ukitawanyika, mtu wa rehani aliweza kuteleza taratibu hadi utumwani, maana hakubaki wa kusema kwamba alikopeshwa tu, hakuuzwa.

Haifai kuisifu desturi hiyo kupita kiasi. Ilikuwa ngumu, na aliyeubeba uzito wake aghalabu ni mtoto, ambaye hakuulizwa. Hata hivyo ilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulilindwa na mashahidi wa pande zote mbili. Taabu kubwa iliingia wakati mashahidi walipobaki upande mmoja wa bahari na mkopeshaji akavuka hadi upande wa pili.

Jambo hilo lilitokea katika miaka ya 1830 na kitu. Ukame uliiangamiza mimea ya Uzigua, na watu wakashuka pwani kutafuta chakula. Wakati huo huo mashamba ya karafuu yalikuwa yakienea Unguja, na mashamba ya nafaka yalikuwa yakienea katika pwani ya Banadiri, penye miji ya Barawa, Marka na Mogadishu. Pote palihitajiwa mikono. Masimulizi yaliyohifadhiwa na wazao wa Wazigua waliochukuliwa Banadiri yasema hivi: wenye majahazi waliwaambia wazee wao kwamba iko nchi yenye chakula na kazi, kwamba watafanya kazi huko mpaka njaa ipite, kisha watarudishwa kwao. Wakapanda. Waliposhuka upande wa pili waliuzwa.

Msomaji mwenye tahadhari anaweza kushuku. Labda, atasema, masimulizi hayo ni faraja ya wajukuu, maana ni afadhali kusema "tulidanganywa" kuliko kusema "mjomba alituuza". Shaka hiyo ina haki yake, kwa kuwa zipo habari nyingine za wakati ule kwamba wazazi waliwauza watoto wao, hata nafsi zao, kwa vipimo vichache vya nafaka. Lakini habari hizi mbili hazina budi kupingana. Aliyelelewa katika desturi ya rehani alijua namna moja tu ya kutoa mtu kwa chakula: namna yenye mlango wa kurudia. Alipopokea nafaka akampa mgeni kijana wake, yaelekea alidhani mlango ule upo. Mnunuzi alijua kwamba haupo. Tendo lilikuwa moja na maana zilikuwa mbili, na aliyejua maana zote mbili alikuwa mmoja tu, naye akanyamaza. Hiyo ndiyo asili ya biashara ya hila. Haikulazimu kila neno la mwuzaji liwe uongo. Ilitosha aache la maana zaidi bila kulitamka.

Waliouzwa walilimishwa katika bonde la mto Shebelle. Masimulizi yao yaendelea kusema kwamba baada ya muda kundi moja lilitoroka, likiongozwa na mwanamke mwonaji aitwaye Wanankhucha, nao walikusudia kurudi Uzigua kwa miguu. Hawakufika. Walipokuta msitu mnene kando ya mto Juba walikaa humo, kwa sababu mbung'o waliwaweka mbali wafugaji wenye silaha, na udongo uliwapa mahindi. Mdudu yule yule aliyewanyima ng'ombe nyumbani akawa mlinzi wao ugenini. Nchi ile iliitwa Gosha, yaani msituni, nao wakaja kuitwa Mushunguli, jina ambalo wataalamu wengi hulihusisha na neno "Mzigula". Watoro wa makabila mengine walijiunga nao, na vizazi vikapita. Lakini katika vijiji vyao vya Juba ya chini hawakuiacha lugha ya Kizigua.

Wakati huo nyumbani sheria zilikuwa zikibadilika. Wadachi walipoitawala nchi hawakuufuta utumwa mara moja. Amri yao ya mwaka 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha na kupata barua ya uhuru. Amri ya mwaka 1904 ikaagiza kwamba watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Hatua hizo zilikuwa na kheri, lakini zilikuwa na kasoro moja kubwa: aliyedhulumiwa ndiye aliyetakiwa kulipa, na ndiye aliyetakiwa kutunza barua. Bwana hakuulizwa alimpataje mtu huyu, kwa kununua, kwa vita, au kwa rehani ambayo mwenyewe aliikataa isikombolewe. Utawala wa Waingereza uliukomesha utumwa katika Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1922. Sheria hiyo iliwafungua waliokuwapo. Waliovushwa bahari haikuwafikia, wala haikuwataja.

Mwaka uliofuata ilitoka sheria nyingine, isiyosifika sana katika vitabu, lakini yenye maana kubwa kwa habari hii. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Korogwe mwaka 1902. Mkonge, ulioletwa nchini na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, ulikuwa umeenea katika bonde la Pangani, na kando ya mashamba yake yalitokea maduka. Mfanyakazi alikopa unga na nguo kabla ya mshahara. Mkulima alikopa juu ya mavuno ambayo hayajaota. Daftari lilikuwa la mwenye duka, na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Sheria ya mwaka 1923 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilisema kwamba mtu asiye mwenyeji hawezi kumdai mwenyeji mahakamani isipokuwa mkataba umeandikwa, nao umekubaliwa na ofisa wa serikali.

Sheria hiyo ilikuwa na nyuso mbili. Uso mmoja ulikuwa wa dharau, kwa kuwa ilimweka Mwafrika katika hali ya mtoto asiyeweza kufunga mapatano yake mwenyewe; na wafanya biashara wengi wa Kiafrika walinyimwa mikopo ya halali kwa sababu yake. Lakini uso wa pili haukupata kuonekana kabla yake katika nchi hiyo. Kwa mara ya kwanza mzigo wa ushahidi uliondolewa mabegani mwa mkopaji ukawekwa mabegani mwa mkopeshaji. Asiyeweza kuonyesha kwamba mapatano yalifanywa wazi hakuwa na deni la kudai. Kama kanuni hiyo ingalikuwapo katika bandari za miaka ya 1830, na kama wangalikuwapo wa kuitimiza, majahazi mengi yangaliondoka matupu.

Basi turudi kwa watu wa Juba, maana dai lao lilikuwa bado halijafa. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na wakulima wa Gosha, ambao hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwatetea, wakaporwa na kukimbia. Wengi waliingia Kenya. Zaidi ya 12,000 katika watu wa asili ya Kibantu waliotoka Somalia walihamishiwa Marekani tangu mwaka 2003. Lakini wako waliokuja kwa njia ya bahari hadi Tanzania, wakaomba wapokewe katika nchi waliyosema ni ya babu zao. Waliwekwa kwanza Mkuyu, wilaya ya Handeni, kisha mwaka 2003 wakahamia makazi ya Chogo katika wilaya hiyo hiyo, ambako walipata ardhi ya kulima.

Walikuja na ushahidi gani? Hati hawakuwa nayo, wala shahidi aliye hai. Jahazi lililowachukua wazee wao halikuacha daftari. Walikuwa na lugha yao. Waliposema, Wazigua wa Handeni waliwaelewa. Maneno ya shamba, ya jiko na ya ujamaa yalikuwa yamekaa ugenini zaidi ya miaka 150, na yaliporudi yalijulikana kwao, kama vile mtoto wa rehani alivyojulikana kwa jina na ukoo. Kufikia mwaka 2009 baadhi yao walikuwa wamekwisha anza kupewa uraia wa Tanzania. Fidia hawakulipwa, na hapakuwapo wa kulipa. Walichokikomboa ni kile tu ambacho ahadi ya kwanza iliwatajia: kurudishwa kwao.

Mfano wa mbali waweza kuonyesha jinsi jambo hili lilivyo la watu wote. Katika Uingereza mabenki yaliwauzia wakopaji mamilioni bima ya kulinda marejesho ya mkopo, wakiwamo wengi ambao kwa masharti ya bima yenyewe wasingeweza kulipwa kamwe, kama vile waliojiajiri wenyewe. Wengine hata hawakujua kwamba wameuziwa. Mwezi wa Aprili 2011 mabenki yalishindwa mbele ya Mahakama Kuu, na kufikia mwisho wa muda wa madai, tarehe 29 Agosti 2019, watu walikuwa wakirudishiwa fedha ambazo jumla yake ilipita paundi bilioni 38. Ushindi huo ulitokana na kanuni iliyoyalazimu mabenki yapekue kumbukumbu zao wenyewe, hata mteja alipokuwa amepoteza karatasi zake. Anayeuza kinga ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba aliiuza kwa haki.

Tanzania nayo ina bima ya mikopo. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963; Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka msuluhishi wa migogoro ya bima; Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zilitaka mteja aelezwe wazi masharti na gharama. Lakini sheria huandikwa Dodoma na Dar es Salaam, na mikopo husainiwa Mazinde, Mkata na Kabuku, mara nyingi kwa haraka, na mtu mwenye mtoto wa kupeleka shule au shamba lililokauka. Mtu huyo yuko katika hali ile ile ya mzee wa Kizigua aliyeshuka pwani. Anachohitaji ni chakula cha leo, na karatasi huisoma kwa jicho la njaa.

Kwa hiyo historia ya Handeni na Korogwe haimwambii mkopaji tu kwamba asome vema kabla ya kutia sahihi; onyo hilo ni jepesi, na humtupia mzigo yule yule aliyekwisha elemewa. Yamwuliza mwuzaji wa kinga swali ambalo mwenye jahazi hakuulizwa: Ulimwambia nini, na mlango wa kurudia uko wapi? Wazigua wa Juba walilibeba swali hilo vinywani mwao vizazi kwa vizazi, kwa kuwa hapakuwa na daftari la kulitunza. Si haki kumtaka kila aliyedanganywa awe na kumbukumbu ya namna hiyo.