Mbulu na Hanang: Alama za mitihani hupima nini?

MWANAFUNZI wa darasa la saba katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hufanya mtihani uleule anaofanya mwenzake wa Dar es Salaam. Hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na kwa shule nyingi za serikali huandikwa kwa Kiswahili.

Lugha hiyo wengi wao hawakuzaliwa nayo. Mbulu watoto wengi huzungumza Kiiraqw, lugha ya jamii ya Kikushi. Hanang, kuzunguka Katesh na Basotu, wapo Wabarbaig, ambao Kidatoga chao ni cha asili ya Kinailoti. Katika bonde la Yaeda wanaishi Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na nyingine yoyote. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ya Kibantu. Mtoto wa Kisukuma huja shuleni akiwa tayari na mazoea ya ngeli kutoka nyumbani. Wa Kiiraqw huanza kujifunza darasani kwa nini mti umeanguka ilhali kiti kimevunjika. Hata fumbo la Hisabati humtaka kwanza aielewe sentensi ya Kiswahili ndipo afike kwenye hesabu yenyewe.

Tangu mwaka 2021 mtihani huo una masomo sita yenye alama 50 kila moja, jumla 300. Anayepata kuanzia 121 huwa na daraja C na amefaulu. Mwenye 120 ana D na ameshindwa. Alama hiyo moja huamua nani aende sekondari na nani arudi shambani au machungani. Tena kinachoangaliwa ni jumla, hivyo mtoto anaweza kufaulu huku Hisabati ikiwa imemshinda kabisa.

Mwaka 2012 maswali yote, hata ya Hisabati, yalikuwa ya kuchagua jibu, na karatasi zikasahihishwa kwa kompyuta. Usahihishaji uliharakishwa, lakini asiyejua alipewa nafasi moja kati ya tano ya kubahatisha, na mwalimu hakuona tena mwanafunzi alikosea hatua ipi. Baadaye maswali machache ya kuonyesha njia yalirudishwa.

Sekondari lugha hubadilika tena na kuwa Kiingereza. Kidato cha nne hupangiwa madaraja kwa masomo saba bora: A ni pointi 1, F ni pointi 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 34 na 35 ni sifuri.

Madaraja hayo nayo yamewahi kuyumba. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwapa sifuri watahiniwa wapatao asilimia 60 nchini. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume, na Mei mwaka huohuo matokeo yalifutwa na kupangwa upya. Majibu ya wanafunzi yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni kipimo. Wahitimu wa mwaka 2014 walipangwa kwa wastani wa pointi (GPA), wa mwaka 2015 wakarudishiwa madaraja.

Anayetaka kulinganisha wilaya hizi na awe mwangalifu: Mbulu ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, kila moja ikiwa na matokeo yake, ilhali Hanang ina moja.

Ipo pia tathmini ya Uwezo, iliyoanza nchini mwaka 2010, ambayo humfuata mtoto nyumbani na kumpa asome na kukokotoa kwa kiwango cha darasa la pili. Hiyo humfikia hata mtoto wa mfugaji aliyeacha shule, ambaye NECTA haiwezi kumwona.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inafanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mtihani wa darasa la saba unapoteza hivyo kazi yake ya kuchuja. Sekondari, lugha ya kufundishia na kupimia imebaki Kiingereza.