Kauri inayolipa deni

Fundi redio yeyote atakuonyesha kapasita ya kauri: kidude bapa cha hudhurungi, miguu miwili, kinachopokea umeme na kuutema kwa kasi ambayo betri haiiwezi. Kidude hicho ni mtoto wa vita.

Zamani kapasita nzuri zilitengenezwa kwa ulanga, yale madini yanayobanduka kama kurasa, ambayo hata kwetu Uluguru yalichimbwa tangu enzi za Mjerumani. Vita Kuu ya Pili ilipofanya ulanga uadimike, Wamarekani, Wajapani na Wasovieti, kila mmoja kivyake, waliangukia titaneti ya bariamu. Inabeba chaji nyingi, lakini ina tabia ya mdeni sugu: ukikata umeme hairudishi zote ulizoipa, nyingine hubaki nayo.

Mwaka 1951 Mmarekani Charles Kittel alionyesha kwa hesabu kwamba yaweza kuwepo fuwele ya aina nyingine, ambayo safu zake za chaji hutazamana kinyume hadi zikafutana, na kwa nje usione kitu. Mwaka huohuo, Japani ikiwa bado chini ya majeshi ya Marekani, Gen Shirane, Etsuro Sawaguchi na Yutaka Takagi walichapisha vipimo vyao vya zirikoneti ya risasi. Ndani yake safu mbili za risasi zimesogea huku, mbili zinazofuata zimesogea kule. Ukiipa umeme mdogo, kimya. Ongeza, ongeza tena, na ghafla safu zote zinageukia upande mmoja. Ondoa umeme, zinarudi zilikokuwa na kukulipa karibu wote. Wataalamu huiita antiferoelektriki, jina la kumvunja mtu ulimi.

Bernard Jaffe alikwishaieleza mwaka 1961 kama kifaa kipya cha saketi, lakini sokoni ilichelewa mno. Sishangai. Safu zikigeuka, kauri huvimba, zikirudi, husinyaa, na kauri ikichezewa hivyo mara nyingi, hupata nyufa. Kampuni ya TDK ndiyo iliyokuja kuuza kapasita za CeraLink, za risasi, lanthani, zirikoni na titani, zenye tabaka za shaba katikati, kwa ajili ya vibadilisha umeme kama vile vya magari ya umeme. Kapasita ya titaneti ya bariamu hupungukiwa uwezo volti zinapopanda, hii huongezeka.

Kikwazo ni risasi yenyewe, ambayo ni sumu. Sheria ya Ulaya iliyoanza kazi mwaka 2006 iliibana katika vifaa vya umeme, ila kauri zikaachiwa mwanya kwa kukosa mbadala. Mwaka 2017 watafiti wa China, kwa niobeti ya fedha iliyochanganywa na tantali, walifikia jouli 4.2 kwa kila sentimita moja ya ujazo, bila chembe ya risasi. Lakini kauri hiyo huchomwa katika tanuru linalopulizwa oksijeni, na fedha ni fedha: hununuliwa kwa bei ya sonara.