Sonko Akigoma: Vile Wakimbiaji Wetu Waliwekea Mabosi Kufuli Riadha House

Wasee, kuna mgomo wa walimu. Kuna mgomo wa madaktari. Halafu kuna mgomo wa msee mwenye hoteli yake Iten.

Ukipita kinyozi chochote hapa Nakuru, kuanzia Free Area hadi Kaptembwo, stori ya wanariadha na pesa haikosi. "Hawa si wameomoka? Sasa wanalilia nini?" Na ukweli usemwe, vituko wametupea. Lakini kabla hujarusha mzaha wako, soma hii yote. Kuna mahali utani wetu humpiga msee asiyefaa.

Mambo ilikuwa hivi

Jumatatu, 23 Novemba 2015. Wanariadha wapatao 50 walitokea Riadha House, makao makuu ya Athletics Kenya (AK) karibu na Nyayo Stadium, Nairobi. Hawakuja kuchukua namba za kukimbilia. Walikuja na mabango na kufuli. Geti likafungwa, mabosi wakabaki nje.

Aliyekuwa mbele akiongea na wanahabari ni Wilson Kipsang, mwenyekiti wa chama cha wanariadha wa kulipwa, PAAK. Huyu ndiye alivunja rekodi ya dunia ya marathon kule Berlin mwaka 2013, saa 2 dakika 3 na sekunde 23. Kwa lugha ya huku kwetu, hiyo ni kama kutoka Nakuru hadi karibu Gilgil kwa miguu, na kuna siku malori yamejaa barabarani matatu yako inamezwa vumbi na yeye.

Walichotaka ni maofisa wakuu wa AK wakae kando. Kulikuwa na madai kwamba pesa za udhamini wa Nike, za kusaidia riadha, zilikuwa zinaingia mifuko ya watu. Maofisa walikana. Wanariadha walilalamika pia kwamba AK ilikuwa inalala kazini kwa mambo ya dawa za kusisimua misuli, na jina la kila mkimbiaji wa Kenya lilikuwa linachafuka.

Mgomo ulidumu siku chache, wakakubaliana kuongea, geti likafunguliwa.

Kwa nini tulicheka

Sababu ziko, tena tele.

Kwanza, miezi mitatu tu kabla ya hapo, Agosti 2015, Kenya ilimaliza namba moja kwa medali kwenye mashindano ya dunia kule Beijing. Dhahabu 7, fedha 6, shaba 3. Kila dhahabu ililipa dola 60,000. Kwa bei ya dola wakati huo, hiyo ni kama milioni 6 za Kenya. Kipsang naye alikuwa ameshinda New York mwaka 2014 na kubeba jakpoti ya dola nusu milioni ya marathon kubwa za dunia. Ukiwa na hiyo chapaa, kufuli unaweza kununua duka lote.

Pili, walikuwa na historia. Mapema 2014, Mamlaka ya Ushuru ilipotaka ushuru wa pesa walizoshinda nje, wanariadha walikuja juu wakakutana Eldoret kupinga. Mama mboga wa Wakulima Market anayelipia tiketi ya soko kila asubuhi akisikia hivyo, unataka akupigie makofi?

Tatu, polisi angefanya nini? Huwezi kufukuza mbogi ya wakimbiaji wa marathon. Labda uwangoje mbele, Naivasha hivi. Na wengi wao ni waajiriwa wa Polisi, Magereza au Jeshi. Kipsang mwenyewe alikuwa askari polisi. Nani anamkamata nani hapo?

Kipande ambacho utani hauoni

Sasa tufanye hesabu kidogo, haiumi.

Pale Beijing, namba moja alipewa dola 60,000, namba mbili 30,000, namba tatu 20,000. Inashuka hivyo hadi namba nane, dola 4,000. Namba tisa? Sufuri. Msee wa namba tisa duniani anarudi nyumbani na jasho lake pekee.

Binti yetu wa Keringet, Faith Kipyegon, alichukua fedha ya mita 1500 mashindano hayo akiwa na miaka 21. Leo ni malkia. Juni 2023 alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Florence, wiki moja baadaye akavunja ya mita 5000 Paris, na serikali ikampa shilingi milioni 5 na nyumba ya milioni 6. Safi sana, tunajivunia.

Lakini enda Kuresoi asubuhi mapema, uone wangapi wanakimbia kwenye hiyo barabara ya udongo. Wengi wao hawana mshahara. Hawana mdhamini wa viatu. Wanaishi watatu au wanne kwa keja moja wakichangia unga. Mkimbiaji asiye na kazi ya serikali hulipwa akimaliza mbele tu, na hapo bado ajenti anakata yake, kawaida asilimia 15. Akiumia goti, hakuna anayempigia simu. Hata huyo anaitwa "mwanariadha wa kulipwa". Analipwa na nani?

Pesa ya udhamini kwa chama cha taifa, kama ile ya Nike, ndiyo ingefaa kumfikia huyu. Kambi, daktari, mashindano ya nyumbani, nauli. Kipsang alikuwa na mkataba wake, hiyo ingine hakuihitaji sana. Ikiliwa, anayelala njaa ni yule wa Kuresoi ambaye jina lake hulijui.

Wenzao wa barafu

Kama unadhani ni sisi tu, cheki Marekani na Kanada. Huko kuna ligi ya hoki ya barafu, NHL. Mwaka 2012 wamiliki wa timu na wachezaji waligombania kugawana mapato. Wamiliki wakafunga milango, wachezaji nje, ligi ikasimama kuanzia Septemba hadi Januari 2013. Msimu wa 2004-05 ulikuwa mbaya zaidi. Uliisha kabla haujaanza, kombe halikushindaniwa.

Mashabiki waliwacheka vibaya. Mamilionea wakipigana na mabilionea, na muuza soseji wa uwanjani ndiye amekosa kazi.

Lakini angalia tofauti mbili. Huko mabosi ndio waliwafungia wachezaji, hapa wachezaji ndio waliwafungia mabosi. Na huko, baada ya kelele zote, wachezaji walitoka na nusu ya mapato ya ligi, na mchezaji wa chini kabisa alikuwa na mshahara usiopungua dola 525,000 kwa mwaka. Wana chama chenye meno. Mkimbiaji wetu hana kiwango cha chini. Kiwango chake cha chini ni ile sufuri ya namba tisa.

Baadaye ilikuaje

Wiki moja tu baada ya kufuli, 30 Novemba 2015, tume ya maadili ya shirikisho la riadha duniani iliwasimamisha maofisa watatu wa AK wakati uchunguzi unaendelea, akiwemo rais Isaiah Kiplagat na naibu wake David Okeyo. Kiplagat alifariki 2016 kabla kesi haijaisha. Okeyo alifungiwa maisha mwaka 2018 kwa mambo ya hizo pesa za Nike. Kwa hivyo wale masonko wa getini hawakuwa wanapiga kelele bure.

Lakini usiwafanye malaika pia. Mwaka 2020 Kipsang mwenyewe alifungiwa miaka 4. Hakupatikana na dawa mwilini. Kosa lake lilikuwa kukosekana mara kadhaa wapimaji walipomtafuta na kutoa ushahidi wa uongo. Aliyelalamika kwamba AK imelala kuhusu dawa alikamatwa na sheria za dawa. Hiyo nayo cheka, ni haki yako.

Na kugombania pesa hakukuisha. Mwaka 2018 vijana wa Shujaa, timu ya raga ya wachezaji saba, walificha nembo ya mdhamini kwenye jezi zao kule Paris wakilalamika hawajalipwa. Hao hawakuwa hata na hoteli.

Basi tucheke ama tusicheke?

Cheka. Mtu wa V8 akishika bango ni kichekesho, hakuna njia mbili.

Lakini jiulize kwa nini ni yeye tu yuko pale. Kijana wa Keringet akifunga geti la AK, kesho jina lake linaweza kukosa kwa orodha ya timu, na hana rekodi ya dunia ya kumtetea. Hana nauli ya kwenda Nairobi, wacha pesa ya wakili. Sonko ndiye pekee mwenye uwezo wa kugoma bila kulala njaa. Kwa hivyo ukiona sonko kwa geti, usihesabu pesa zake. Uliza ni za nani ndizo zimepotea.