Milima ambayo mpaka haukuipindia

Ukitaja mvinyo wa Tanzania, kila mtu anakumbuka Dodoma na mizabibu yake. Sawa. Lakini sisi wa Tarime tuna milima inayotazama mashamba ya ulezi, na ulezi ndio uliotupa amarwa, pombe ya wazee. Haina chupa wala lebo. Chungu ni kimoja, wazee wamekizunguka na mirija yao, mahari inajadiliwa au ugomvi unasuluhishwa.

Kwa nini historia ya milima hii haiandikwi? Jibu moja nimelikuta kwenye mkataba. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hizi kwa mstari ulioanzia mdomo wa mto Umba, ukaenda Ziwa Jipe, kisha ukapinda kupita kaskazini mwa Kilimanjaro. Eti Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima ule! Hadithi tamu, lakini mjukuu mwenyewe, Wilhelm, alikuja kuwa Kaisari mwaka 1888. Kutoka hapo mstari ukanyooka kama kamba hadi Ziwa Victoria, kwenye digrii 1 kusini ya ikweta. Wakuria wakakatwa katikati.

Kwa Kilimanjaro mstari ulipinda, maana Wazungu waliujua mlima na waliutaka. Kwetu nani alijali? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pande zote mbili zikawa chini ya Mwingereza mmoja, na bado mstari ukabaki. Mwaka 1964, kule Cairo, nchi huru za Afrika zikakubaliana kuheshimu mipaka iliyorithiwa. Naelewa: ukigusa mmoja, umeigusa yote. Ila kuelewa si kusahau.

Bibi yangu aliolewa upande huu na akazikwa upande huu. Lakini kwenye shughuli kubwa, ulezi wa amarwa ulitoka kwa kaka zake, ng'ambo ya Sirari. Alikuwa akiaga hivi: "Naenda nyumbani." Sikuwahi kumsikia akisema anaenda Kenya.

Leo mahindi yamechukua mashamba mengi ya ulezi, na vijana wanakunywa bia ya chupa. Mimi siwalaumu. Ila chungu kile kilikuwa ushahidi wetu kwamba tuliokatwa ni watu wamoja, na ushahidi huo hauko kwenye makabati ya Berlin wala London. Uko shambani, na usipopandwa tena, umekwisha.